Kuuliza kwa Kituruki: "mi" likae wapi?

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa makundi mawili: wanafunzi wa ufadhili wa Türkiye Bursları, ambao husomea lugha mwaka mzima kabla ya kuanza shahada, na wafanyabiashara wanaofuata nguo Istanbul. Tumechagua zile zinazohusu kuuliza, kwa kuwa hapo ndipo mazoea ya Kiswahili yanapomponza mtu zaidi.

Nikimuuliza mwenzangu wa bwenini "Geldin?" huku nimepandisha sauti, kama ninavyosema "Umekuja?", ananitazama tu. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Konya)

Hujamaliza swali, ndiyo maana anasubiri. Kiswahili kinaridhika na sauti: "Umekuja." ni taarifa, "Umekuja?" ni swali, na "je" ni la hiari. Kituruki hakikubali hivyo. Swali la kujibiwa ndiyo au hapana lina neno lake, "mi", nalo hukaa nyuma ya kinachoulizwa: Geldin mi? Ukipandisha sauti bila "mi", Mturuki atasikia mshangao au sentensi iliyokatika, si swali.

Neno hilo lina sura nne, na sura huchaguliwa na irabu ya mwisho ya neno lililotangulia. Baada ya a au ı huwa mı: Kapalı mı? (Pamefungwa?). Baada ya e au i huwa mi: Yeni mi? (Ni mpya?). Baada ya o au u huwa mu: Doktor mu? (Ni daktari?). Baada ya ö au ü huwa mü: Otobüs mü? (Ni basi?). Jambo hili si geni kabisa kwetu, maana sisi wenyewe tunasema pikia lakini somea, wala hatusemi "somia". Kituruki kimelieneza tu hadi kwenye karibu kila kiambishi.

Kwa matamshi: ı isiyo na nukta ni kama u inayosemwa bila kuchongoa midomo. Kwa ü, sema i huku midomo umeichongoa kama ya kupiga mluzi. Kwa ö fanya vivyo hivyo kwa e.

Makosa mawili hufuata mtu akishalijua neno hili. La kwanza ni kulikazia sauti. "Mi" halibebi mkazo. Mkazo huangukia silabi iliyo kabla yake, yaani gelDİN mi, kisha sauti inateremka. La pili ni kuliunganisha na neno lililotangulia. Huandikwa mbali na neno hilo siku zote. Utawaona Waturuki wenyewe wakiandika "geldinmi" kwenye simu, lakini ni kosa lile lile, na kwenye mtihani utakatwa alama.

Neno "meşgul" (mwenye shughuli) lina u. Niliandika "Meşgul musunuz?", mwalimu akasahihisha "Meşgul müsünüz?". Hajakosea yeye? (Mwanafunzi, Eskişehir)

Hajakosea. Yapo maneno ya mkopo, mengi ya Kiarabu na machache ya Kifaransa au Kiingereza, ambayo l au t yake ya mwisho hutamkwa kwa ulaini, nayo huvuta viambishi laini (vya e, i, ö, ü) hata kama irabu yake ni nzito (a, ı, o, u). Ndiyo maana ni saat mi, kabul mü, alkol mü, na uwanjani ni Gol mü?

Huna haja ya kukariri orodha. Fungua kamusi ya Türk Dil Kurumu, taasisi ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1932, utaona baada ya kila neno la aina hii kumeandikwa kiambishi chake: meşgul, -lü, kabul, -lü, saat, -ti. Irabu ya kiambishi hicho ndiyo irabu ya "mi" yako. Mswahili ana bahati moja hapa: mengi ya maneno hayo ni ndugu wa shughuli, kubali na saa, kwa hiyo anajua mapema kuwa ni ya kutiliwa shaka.

Mbona "wewe" anahamahama? Ni "Geliyor musun?" lakini ni "Geldin mi?". Nikisema "Geldi misin?" wanacheka. (Mwanafunzi, Izmir)

Kituruki kina seti mbili za viambishi vya nafsi, na kila moja ina tabia yake.

Seti ya kwanza ni fupi, ya wakati uliopita wa -di: geldim (nilikuja), geldin (ulikuja), geldik (tulikuja), geldiniz (mlikuja). Hizi hazibanduki kwenye kitenzi, kwa hiyo "mi" husimama mwishoni likiwa tupu: Geldik mi? Geldiniz mi?

Seti ya pili ni ile ya -yim, -sin, -yiz, -siniz. Hii huandamana na "mi", kitenzi kikabaki kitupu: Geliyor musun? (Unakuja?), Gelecek miyiz? (Tutakuja?), İster misiniz? (Mnataka?). Majina na sifa nayo hufuata njia hii: Öğrenci misin? (Wewe ni mwanafunzi?), Hasta mısın? (Unaumwa?). "Musun" na "mısın" ni neno moja. Nafasi huachwa kabla ya "mi", si baada yake.

Wao, -ler au -lar, hubaki kwenye kitenzi nyakati zote: Geliyorlar mı? Na ukitaka kusema "ulikuwa", kiambishi cha wakati hupanda juu ya "mi": Evde miydin? (Ulikuwa nyumbani?), Geliyor muydun? (Ulikuwa unakuja?).

Kitabu changu kinasema "mi" linaweza kukaa popote. Popote kweli? (Mwalimu, Mombasa)

Linaweza kukaa nyuma ya neno lolote, ila kila mahali lina swali lake. Hili tulikalie kidogo, maana wengi hulipita mbio wakaja kulipia baadaye kwenye ofisi za watu.

Chukua sentensi Ali dün pazara gitti, yaani Ali jana alikwenda sokoni. Ukisema Ali dün pazara gitti mi? unauliza jambo zima: alikwenda au hakwenda? Ukisema Ali dün pazara mı gitti? umeshakubali kwamba alikwenda mahali. Unachotaka kujua ni kama sokoni ndiko alikokwenda. Ali pazara dün mü gitti? ni jana ndipo alipokwenda? Na Dün pazara Ali mi gitti? ni Ali ndiye aliyekwenda?

Ndiye, ndiko, ndipo, ndicho: kazi hiyo yote Kituruki kinaifanya kwa kulihamisha "mi". Mwenye Kiswahili akishaliona hivyo hasahau tena. Kila unapotaka kuuliza swali ambalo kwetu lingekuwa na "ndi-", ling'oe "mi" kwenye kitenzi ulipeleke kwenye neno linalohusika, na neno hilo lisogeze karibu na kitenzi. Si lazima lisogezwe, kwa kuwa Ali mi dün pazara gitti? nayo ni sahihi, lakini nafasi ya mbele ya kitenzi ndiyo yenye uzito katika Kituruki, na ukiizoea hutapotea.

Madhara ya kukosea haya hapa. Uko dirishani unaomba kibali cha ukaazi, umeshika karatasi. Bu belge lazım mı? maana yake ni: karatasi hii inahitajika? Karani atajibu Lazım au Lazım değil. Lakini Bu belge mi lazım? ni: karatasi hii ndiyo inayotakiwa, au ni nyingine? Hapo anaweza kukujibu "Hayır" (hapana), akimaanisha inatakiwa nyingine, nawe ukatoka ukidhani hakuna karatasi yoyote inayotakiwa. Vivyo hivyo Yarın geleyim mi? (Kesho nije?) na Yarın mı geleyim? (Nije kesho, si siku nyingine?).

Kuchagua kati ya vitu viwili nako ni kazi ya "mi", na huwekwa kwa kila kimoja: Çay mı, kahve mi? Kwa keshia utaulizwa Nakit mi, kart mı? (taslimu au kadi), na kwenye kibanda cha chakula Burada mı, paket mi? (unakula hapa au ufungiwe). Ukitaka kuingiza "au" kwenye swali la namna hii, neno lake ni yoksa, si veya: Geliyor musun, yoksa kalıyor musun? (Unakuja au unabaki?)

Nimeandika "Nereye gidiyorsun mu?" (Unakwenda wapi?) nikakatwa alama. Si swali hilo? (Mwanafunzi, Bursa)

Ni swali, na swali moja linatosha. Ukishakuwa na neno la kuulizia (ne, nini; kim, nani; nerede, wapi; kaç, ngapi; hangi, gani; nasıl, vipi; neden, kwa nini), "mi" halina nafasi: Nereye gidiyorsun? basi. Siku utakayomsikia Mturuki akisema "Nereye mi? Eve", usidhani kanuni imevunjika. Analirudia swali lako kabla ya kulijibu, kama sisi tunavyosema "Wapi? Nyumbani".

Kosa linalojificha zaidi ni la mpangilio. Sisi tunatupa neno la swali mwishoni: unakwenda wapi, umekula nini, umempa nani. Kituruki hulibandika mbele ya kitenzi, mengine yote yakitangulia: Sen bugün ne yedin? (Wewe leo umekula nini?) Çantayı nereye koydun? (Mkoba umeuweka wapi?) Neno la swali halikimbilii mwanzo wa sentensi, linang'ang'ania kitenzi.

Halafu "wapi" yetu moja ni zao tatu. Nerede ni mahali ulipo, nereye ni uendako, nereden ni utokako. Kiswahili husema nyumbani kwa yote matatu, kikiachia kitenzi kazi ya kufafanua, na ndiyo maana wanafunzi wetu husema "Nerede gidiyorsun?" kwa ujasiri kabisa. Kila ukitaja kitenzi cha mwendo, jiulize: naelekea au natoka? Jibu hubeba kiambishi kile kile cha swali: Nereye? Eve. Nereden? Evden. Nerede? Evde. Kuulizwa kwenu ni wapi ni jambo jingine: Nerelisin? Jibu ni Tanzanyalıyım, Kenyalıyım, Kongoluyum. Na hospitalini daktari atakuuliza Nereniz ağrıyor?, sehemu gani ya mwili inauma.

"Nani" naye hubadilika: kimi gördün (umemwona nani), kime verdin (umempa nani), kimden aldın (umepata kwa nani), kiminle geldin (umekuja na nani), bu kimin (hiki cha nani).

Nakwenda Laleli, Istanbul, mara ya kwanza kununua nguo za jumla. Nipeni maswali ya kunitosha dukani. (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Utaanza wewe kuulizwa: Toptan mı, perakende mi? Jumla au rejareja? Jibu Toptan. Nguo za jumla pale huuzwa kwa seri, yaani fungu la saizi mbalimbali za mtindo mmoja, wala hawapendi kulifungua ili uchukue pisi moja. Kwa hiyo kabla ya bei uliza Seri kaç adet? (fungu lina pisi ngapi) na Seride hangi bedenler var? (lina saizi gani). Bei ikitajwa, hakikisha ni ya nini: Tanesi mi, serisi mi? Ni ya pisi au ya fungu? Na fedha gani: Dolar mı, lira mı? Wauza jumla wengi wa Laleli hutaja dola.

Bei yenyewe ni Ne kadar? au Kaç lira? Kaç ni "ngapi", na jina linaloifuata hubaki katika umoja: kaç renk, kaç gün, kaç kişi, kamwe si "kaç renkler". Ne kadar ni kiasi gani; hilo kadar ni ndugu wa kadiri, kama ne zaman (lini) ilivyobeba zamani. Kwa viatu uliza Kaç numara?, kwa nguo Kaç beden?

Ukipunguziwa bei kidogo na bado hujaridhika: En son ne kadar olur? Bei ya mwisho ngapi? Kisha İndirim var mı? (kuna punguzo), Başka renk var mı? (kuna rangi nyingine), Fatura kesiyor musunuz? (mnatoa ankara), Kargoya verir misiniz? (mtaupeleka mzigo kwa msafirishaji), Ne zaman hazır olur? (utakuwa tayari lini). Maswali ya var mı hujibiwa var (kuna) au yok (hakuna), si evet (ndiyo) na hayır. Na namba zikikuchanganya, nyosha kikokotoo na useme Yazar mısınız? (mtaandika?) Hakuna atakayekushangaa.

Jihadhari na saa. Saat kaçta? ni saa ngapi jambo litafanyika, Kaç saat? ni muda wa saa ngapi. Ukiambiwa mzigo uko tayari saat üçte, usije saa tatu asubuhi. Wao huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, kwa hiyo üçte ya mchana ni saa tisa alasiri.

Niulizeje kwa adabu? Mama mwenye nyumba aliniita nikajibu "Ne?", akanuna. (Msomaji, Istanbul)

Ungemwitikia mama yako mzazi "Nini?" angefanya nini? "Ne?" kwa mkubwa lina ukali huo huo. Sema Efendim?, ambalo linafanya kazi ya abee na naam yetu: kuitikia wito, kuomba mtu arudie, hata kupokea simu.

Mtu usiyemjua, mkubwa, au mwenye ofisi ni siz (nyinyi ya heshima), si sen (wewe), kwa hiyo maswali yake hubeba -siniz au -niz: Nasılsınız? Adınız ne? Walimu, na chuoni karibu kila mfanyakazi, ni hocam. Mwanamke wa rika la mama ni teyze, mwanamume wa rika la baba ni amca, kaka ni abi, dada ni abla. Kumwita mhudumu au kumsimamisha mpita njia: Bakar mısınız?

Kuomba hutumia kitenzi cha -er/-ir pamoja na "mi": Tekrar eder misiniz? (utarudia tafadhali), Yavaş konuşur musunuz? (zungumza taratibu tafadhali). Ruhusa ni -ebilir miyim: Girebilir miyim? (naweza kuingia), Hocam, bir şey sorabilir miyim? Neno acaba hulainisha zaidi, mfano Acaba müsait misiniz? (sijui kama una nafasi). Wengi huharibu kwa kutumia -iyor kila mahali. Çay içiyor musun? inauliza kama unakunywa chai sasa au kama ni mazoea yako. Anayekukaribisha chai husema Çay içer misin?

Kuna raha moja aliyoachiwa Mswahili. Tunaposema "Nifungue dirisha?" au "Twende?", hatuhitaji "je, unataka ni-". Kituruki kina umbo hilo hilo: Pencereyi açayım mı? Gidelim mi? Na Yardım edeyim mi? ni "Nikusaidie?". Lianze hilo mapema, linafungua milango mingi.

Niliuliza kama basi limekuja, mzee akainua nyusi na kunisonya. Nimemkosea nini? (Msomaji, Antalya)

Hujamkosea. Mlio ule mmoja wa ulimi, cık, pamoja na nyusi au kidevu kupanda juu, ni "hapana" tu. Hauna tusi lolote.

Kwenye maswali ya kukanusha, kama Gelmiyor musun? (Huji?), usijibu evet au hayır peke yake. "Ndiyo, siji" ya Kiswahili haihamishiki salama. Jibu kwa kitenzi: Geliyorum au Gelmiyorum. Angalia pia kwamba "mi" iliyo ndani ya gelmiyor si ya swali bali ni ya kukanusha. Ya swali ni ile tu iliyojitenga.

Nimepata ujumbe "Eve geldin mi beni ara", bila alama ya kuuliza. Nijibu nini? (Mwanafunzi, Konya)

Usijibu, piga simu ukifika. "Mi" baada ya kitenzi cha -di, likifuatiwa na kishazi kingine, huwa na maana ya "-ki-" yetu: ukifika nyumbani nipigie. Halikadhalika güzel mi güzel si swali. Ni "mzuri kweli kweli". Na ukitaka kusema "sijui kama amekuja", weka maswali mawili mfululizo bila kusita: Geldi mi gelmedi mi bilmiyorum. Lipo umbo la vitabuni, Gelip gelmediğini bilmiyorum, nalo utalifikia muhula wa pili. Hilo la kwanza linatumika mtaani kila siku wala halina kasoro.